Kasha la Chiriku

Asubuhi ile Mpima Macho alinipigia simu mara nne. Nivae gauni refu, nisichelewe, na nisimpinge mama yake mdogo hata akisema jua linachomoza magharibi. Mara ya nne nilimwambia akinipigia tena nitakuja na suruali yangu ya kazini. Alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi.

Sote wawili tulijua siku ile ilibeba nini. Mama yake alikuwa ameahidi kwamba kasha la nyimbo zake likikamilika nilipeleke kwa mikono yangu mwenyewe, na hapo ndipo atakaposema kama ananitaka niwe mkwe wake au hanitaki. Na Mpima Macho, mwanamume wa miaka thelathini na tisa, mwenye duka lake la miwani na mvi mbili tatu kidevuni, alikwisha kuniambia bila kupepesa: "Bila radhi ya mama sioi, Fundi. Nakupenda, Mungu anajua, lakini sioi."

Kwa hiyo nilivaa gauni refu.

Kasha nililipakata mapajani njia nzima. Ndani yake mlikuwa na sidii kumi na mbili na kitabu cha picha, na juu ya mfuniko uso wa mama yake akiwa na miaka ishirini na kitu, amefumba macho mbele ya maikrofoni. Watu walimwita Chiriku. Kwa miaka thelathini na minne aliimba zile nyimbo za soul za taratibu, zinazomfanya mtu aliyeachwa aone angalau hakuachwa peke yake. Halafu koo likaugua. Madaktari wakampasua, wakaondoa kisanduku cha sauti ili abaki na uhai, na tangu siku hiyo Chiriku hajatoa neno. Huandika kwenye daftari, na mdogo wake huwasomea wageni.

Mimi ni fundi sauti. Nazichukua kanda za zamani, nazisafisha, nazihamishia kwenye mashine za kisasa kabla hazijafa kabisa. Miezi minane nilikaa na sauti ya mama yule masikioni, kutoka rekodi yake ya kwanza ya msichana mwenye woga mpaka ya mwisho. Nilijua anavuta pumzi wapi, anameza mate wapi, anatabasamu kwenye neno gani. Kanda zilikuwa zikiletwa na mwanawe, mbili tatu kwa wiki, ndani ya mifuko ya duka lake la miwani, na kila wiki alikawia kuondoka kidogo zaidi kuliko wiki iliyopita. Ndivyo tulivyopendana. Sina haja ya kueleza zaidi, aliyewahi kupenda anajua.

Aliyenifungulia mlango ni mama mdogo. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akarudi juu tena.

"Ndiye huyu?"

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nilidhani fundi ana mikono ya fundi. Umetuletea na mvua."

"Samahani."

"Mvua nayo unaiombea samahani? Ingia, mwanangu. Ukianza kuomba radhi mlangoni, ukifika ndani utabakiwa na nini?"

Nyuma yake Mpima Macho alikuwa amesimama na shati lililopigwa pasi kupita kiasi. Macho yetu yalikutana. Yeye hutazama macho ya watu siku nzima, anajua ugonjwa wa kila jicho, lakini akinitazama mimi huwa kama mtu aliyesahau kazi yake. Nilitamani kumshika mkono. Sikuthubutu.

Mama alikuwa ameketi kwenye kochi la mwisho, karibu na dirisha, mgongo umenyooka, kitambaa cha hariri kimezungushwa shingoni kuficha kovu. Ukutani juu yake ilining'inia picha moja tu: mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi, nywele zimegawanywa katikati. Mpima Macho alishaniambia kuhusu picha ile. Ni dada yake aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Nyumbani kwao hatajwi.

Nilipiga magoti, nikamwamkia, nikamkabidhi kasha. Aliliweka mapajani na kulipapasa mfuniko. Hakuutazama uso wake wa ujana hata kidogo. Alilifungua, akakipindua kitabu mpaka kwenye orodha ya nyimbo, akaanza kushuka na kidole mstari kwa mstari. Kidole kilisimama. Akaitoa sidii ya tisa, akampa mwanawe, akamwonyesha vidole vinne.

"Wimbo wa nne," alisema Mpima Macho. "Kiti Chako Kipo. Aa, mama! Hata hujaanza na wa kwanza?"



Hapa lazima niseme jambo ambalo nilikuwa nimelificha miezi mitatu. Wimbo huo watu wote wanaujua, lakini wanaujua nusu. Kwenye santuri ya zamani walipunguza sauti polepole ukaisha kabla ya ubeti wa mwisho. Kanda yenye wimbo mzima ilidhaniwa imepotea, mpaka ilipopatikana chini ya kitanda cha mjane wa mrekodi wa zamani. Ilikuwa imeshikamana yenyewe kwa yenyewe. Kanda ya namna hiyo unaiweka kwenye joko la moto mdogo kwa muda wa saa nane ili gundi ikauke, halafu unaichezesha mara moja. Mara moja tu, kwa sababu inapopita kwenye mashine inabanduka unga wake, na sauti ndiyo huo unga.

Siku ya kuichezesha, saa ya chakula cha mchana, nilikuwa nimeshaibonyeza mashine nikasikia viatu vya Mpima Macho kwenye ngazi. Alisimama mlangoni na mabakuli mawili ya chakula.

"Fundi, zima mashine nikuulize kitu."

"Hii haizimwi. Inazunguka mara moja tu."

"Basi nitauliza hivyo hivyo."

Akauliza. Nikajibu ndiyo kabla hajamaliza, na chakula kikapoa. Kanda ilipofika mwisho ndipo nilipoona kwamba kichujio cha kelele kilikuwa kimewashwa tangu kazi ya asubuhi. Kichujio hicho, mwimbaji akinyamaza, nacho hufunga. Hakipitishi kitu. Mwanafunzi wa wiki ya pili hafanyi kosa lile. Nilisikiliza nilichokipata, nikaona sauti ya Chiriku ipo nzima, na kilichopotea ni mvumo tu kwenye sehemu moja anayonyamaza. Mkanda wenyewe ulikuwa umebaki mweupe kama nailoni, unga wote umelala chini ya mashine. Nikaufuta kwa kitambaa. Nikajiambia sijapoteza chochote. Sikumwambia mtu, hata yeye.

Sasa wimbo ukaanza kulia pale sebuleni, na mama mdogo akafumba macho akayumba kidogo. Mpima Macho alinikonyeza. Mimi nilikuwa namwangalia mama. Kidole chake kiligonga goti, kikafuata ngoma, kikavuka pale watu wote walipozoea wimbo uishie. Vyombo vikanyamaza. Akabaki yeye peke yake, kijana wa miaka ishirini na nane, anaimba polepole. Akanyamaza.

Sekunde mbili. Hakuna kitu ndani yake. Halafu sauti ikarudi, ikamalizia.

Mama aliinua mkono. Mwanawe akarudisha nyuma. Ulipofika pale tena, mama aliinama mbele. Mara ya tatu alisimama, akaenda kwenye redio, akapiga magoti kwenye sakafu, mwanamke wa miaka sitini na tisa, akaliweka sikio kwenye spika.

"Mama, una nini?" Mpima Macho alicheka kidogo, kwa wasiwasi. "Ndio wewe huyo. Umesahau sauti yako?"

Alirudi kwenye kochi, akachukua daftari. Aliandika neno fupi. Mama mdogo alilisoma kimya kwanza, na uso wake ukabadilika.

"Dada, labda siyo yenyewe," alisema. "Labda mliimba mara mbili."

Mama aligonga daftari kwa kalamu. Soma.

"Anauliza..." Mama mdogo alirudia kulisoma neno lile. "Anauliza mtoto yuko wapi."

"Mtoto gani?" akauliza Mpima Macho.

Mama na mama mdogo waliinua macho kwenye picha.

"Siku ile hakukuwa na wa kumwachia," mama mdogo alisema hatimaye, na kwa mara ya kwanza hakuwa akisoma daftari. "Mimi nilikuwa na homa. Mama yako akaenda naye studio, akamkalisha kwenye kigoda, akamwambia akae kimya. Akakaa kimya wimbo mzima, maskini. Mwisho mwisho kule, vyombo vilipoacha, akacheka. Sijui aliona nini. Akacheka tu kile kicheko chake, na mama yako akashindwa kuimba, akanyamaza, halafu akamalizia. Yule mrekodi akasema imeharibika, tutaikata mwisho. Wakaikata. Baada ya wiki sita mtoto akaugua, na siku nne hazikupita, tukamzika."

"Hamkuniambia," alisema Mpima Macho.

"Picha ipo moja. Sauti haikuwepo popote ila pale." Mama mdogo akamgeukia dada yake kwa ghadhabu iliyojaa machozi. "Nilikwambia! Nilikwambia uwaambie hawa watoto kuna nini kwenye ile kanda! Mficha uchi hazai, dada. Ukasema hapana, unataka uisikie kwanza wewe, mtu asiiguse na maneno. Haya, umeisikia?"

Mama hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa nimeyasikia mapafu ya mwanamke yule kuliko yangu mwenyewe, lakini sikuwa nimewahi kutazamwa na macho yake namna ile, macho ya mtu aliyengoja miaka arobaini na moja kwenye foleni na amefika dirishani.

Mpima Macho alikuja upande wangu haraka. "Mama, sikiliza. Ile kanda ilikuwa imeoza. Miaka yote chini ya kitanda, unyevu, panya, nani anajua. Ni ajabu hata hii kidogo imepatikana. Si ndiyo, Fundi?"

Alinigusa kiwiko. Ulikuwa mguso wa kuniambia, pita hapa, nimekufungulia.

Na ningeweza kupita. Nani angenikamata? Mrekodi alishakufa, kanda ilishakufa. Ningesema ndiyo, ningelia nao, na kufikia jioni ningekuwa mchumba aliyekubaliwa. Nilimpenda mwanamume yule. Nilifungua mdomo nikiwa nimeshaamua kudanganya.

"Kilikuwepo," nilisema. "Kicheko kilikuwepo kwenye kanda, mama. Mimi ndiye niliyekiondoa."

"Fundi!"

"Niache niseme. Niliacha kichujio kimewashwa. Kanda ilikuwa ya kuchezeshwa mara moja, nami niliichezesha na kichujio. Kicheko kilipopita hakikurekodiwa, na kanda ikabanduka. Sikujua kwamba kuna mtoto. Nilidhani ni mvumo tu. Lakini nilijua nimekosea, nikanyamaza."

"Hakuna nakala?" aliuliza mama mdogo.

"Hakuna."

"Huko studio kwenu hakuna mashine ya—"

"Hakuna, mama mdogo. Hakuna popote."

Maji yakishamwagika hayazoleki, watu husema, lakini maji angalau huacha unyevu. Mimi nilikuwa nimefuta hata vumbi.

Mama aliandika. Mama mdogo akasoma kwa sauti ndogo. "Anasema, wewe ni fundi wa miaka mingi. Ulikuwa unaangalia wapi?"

 Macho yangu yalimwendea Mpima Macho yenyewe, na hilo likawa jibu.

"Ilikuwa siku gani?" aliniuliza polepole. "Fundi, nakuuliza. Ulikuwa unaichezesha lini?"

"Unajua ni lini."

"Ile kanda uliyokataa kuizima?"

"Ndiyo."

Akaketi. Alivua miwani yake, akaishika tu mkononi. Mama yake aliandika tena, na safari hii mama mdogo hakutaka kusoma, ikabidi daftari lipinduliwe kuelekea kwa kijana wake. Nililiona. *Na wewe ulikuwepo?*

"Nilikuwepo, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa naongea."

Nilimsikia mama yake akilia. Mtu asiye na sauti akilia unasikia hewa tu, inaingia na kutoka kwenye kovu, na vidole vinavyokamata kitambaa. Mama mdogo alimkumbatia. Mpima Macho alipiga magoti mbele yake. Mimi nilibaki nilipo, sikuwa na pa kwenda, wala sikuwa na haki ya kumgusa mtu yeyote mle ndani.

Mvua ilishakatika mama alipochukua daftari tena. Aliandika kwa muda mrefu, akafuta, akaandika. Mama mdogo alijikohoza.

"Anasema hivi. Anasema nimezaa wawili. Mmoja nimemzika mara mbili sasa. Huyu mwingine sitampoteza kwa sababu ya kanda." Akageuza ukurasa. "Anasema, muoane. Nimewapa radhi. Mambo yaishe."

Mpima Macho aliinua kichwa. "Mama?"

Mama aliitikia kwa kichwa, mara moja, akafumba macho. Mkono wake ulikuwa umeshika ukosi wa shati la mwanawe, umeukunja wote ndani ya ngumi.

Mpima Macho alinisindikiza mpaka getini. Hapo akanigeukia ghafla akanishika mabega yote mawili, na usoni mwake palikuwa na machozi na kitu kinachofanana na furaha.

"Amekubali," alisema. "Umesikia? Baada ya yote haya, amekubali!"

"Nimesikia."

"Tutampa muda. Mwezi, miwili. Halafu ndugu zako waje, tupange siku. Fundi, nitazame. Kwa nini hunitazami?"

Nilimtazama. Nilitaka niyakariri yale macho, na zile mvi za kidevuni, na alama nyekundu za miwani puani ambazo nilizoea kuzibusu.

"Umemsikia mama yako alichosema?"

"Amesema tuoane."

"Amesema hataki kukupoteza. Kukubali ni kitu kingine." Niliitoa mikono yake mabegani mwangu. "Miezi minane sijafanya kazi nyingine ila kumsikiliza mama yako. Namjua anapoimba kwa moyo, namjua anapomaliza wimbo kwa sababu tu ameshauanza. Pale ndani amemaliza wimbo."

"Usinifanyie hivi."

"Nitaingia mle kama nani? Kila nikibisha hodi atasikia zile sekunde mbili. Nikimpikia, nikimwamkia, nikimzalia mjukuu akicheka, hasa akicheka. Atanyamaza, kwa sababu yako. Kila siku atanyamaza kwa sababu yako, na wewe utadhani ni kwa sababu hana sauti."

"Kosa lilikuwa letu sote. Nami nilikuwepo!"

"Wewe ni mwanawe. Wewe atakusamehe hata ukichoma nyumba."

"Na mimi je?" Sasa alikuwa amekasirika, na hasira yake iliniuma kuliko machozi. "Mimi nimepewa radhi, nimesimama hapa nayo mkononi, nawe unaikataa? Ulitaka asemeje? Ulitaka akufukuze ndipo uridhike?"

Labda ni kweli. Labda angenifukuza ningepigana, ningerudi kila wiki mpaka aniruhusu. Lakini huwezi kupigana na mtu aliyekupa alichobakiwa nacho.

"Rudi ndani," nilisema. "Usimwache peke yake leo."

"Nijibu kwanza."

"Nimeshajibu."

"Basi kwa nini siku ile ulisema ndiyo?" Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kitu kidogo cha mwisho. "Nilikuwa hata sijamaliza kuuliza, ukasema ndiyo. Kwa nini?"

Dirisha la sebule lilikuwa wazi. Kule ndani mtu alikuwa ameurudisha wimbo mwanzo, na nikajua nisipoondoka sasa nitausikia mpaka pale.

"Kwa sababu siku ile sikuwa nasikiliza kitu kingine ila wewe," nilimwambia, nikafungua geti mwenyewe.